Tazama Tezi Kwanza: Maji Kwenye Ekzosi ya Boti

Nikishawasha injini ya boti, kitu cha kwanza ni kwenda tezi kutazama bomba la ekzosi. Maji yakitoka kwa vishindo pamoja na moshi, naendelea na kazi. Nusu dakika ikipita bila maji, nazima.

Moshi wa dizeli injini ikivuta mzigo unaweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi. Kwenye gari, bomba la chuma linapigwa na upepo. Kwenye boti injini imefungiwa chini ya sitaha, na joto hilo linaweza kuchoma chombo. Ndiyo maana maji ya bahari yaliyokwisha kupoza injini humwagwa ndani ya moshi wenyewe, kwenye kiwiko kilicho nyuma ya manifoldi. Toka hapo moshi umepoa kiasi cha kupita kwenye mpira. Mpira unashuka hadi tangi dogo, na nguvu ya moshi inayasukuma maji juu mpaka nje.

Hapo kwenye nguvu ya moshi pana hatari. Boti moja ililetwa Mtwapa baada ya mwenyewe kupiga starta mfululizo, injini haishiki. Starta ikizunguka, pampu inavuta maji, lakini moshi wa kuyatoa haupo. Tangi lilijaa, maji yakarudi hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi kama hewa: konrodi ilipinda. Injini ikigoma, funga vali ya maji ya bahari; ikishika tu, ifungue papo hapo, maana impela ya mpira iliyo ndani ya pampu ikizunguka kavu huungua.

Tazama pia kiwiko kiko wapi. Kikiwa chini ya usawa wa bahari, au juu yake kwa chini ya sentimita 15 hivi, mpira wa maji lazima upandishwe juu zaidi na kuwekewa vali ya hewa. La sivyo maji yatajivuta yenyewe hadi ndani ya injini ikiwa imezimwa. Chumvi huiziba vali hiyo, kwa hiyo ifungue uioshe.

Kiwiko chenyewe nakifungua hata kama hakuna malalamiko. Masizi na chumvi hushikana vikawa vigumu kama jiwe, hadi njia inabaki ya kupita kidole kidogo. Choma ukuta wake kwa bisibisi; ikipenya, nunua kingine.

Na ukikuta impela imepoteza jino, usifunge mpya kabla ya kulipata. Mara nyingi limekwama kwenye mlango wa kipozajoto.