Stoo ya Nyumbani: Cha Zamani Kitangulie Kutoka

Katika nyumba nyingi, chakula huharibika si kwa kuwa ni kingi kupita kiasi, bali kwa kuwa hakionekani. Mfuko mpya wa unga huwekwa mbele ya ule uliokuwapo, kwani aliyetoka sokoni amechoka na mbele ndiko karibu. Kesho yake mpishi huchukua ulio mbele. Ule wa zamani husogezwa nyuma kila mwisho wa mwezi, mpaka siku unapotolewa ukiwa na utando wa wadudu, na fedha iliyoununua imepotea.

Mlaji anashauriwa kugeuza utaratibu huo. Kabla ya kupanga ulichonunua, toa kilichopo, kiangalie, kisha kirudishe mbele; kipya kikae nyuma yake. Andika kwa kalamu tarehe ya kununua juu ya kila mfuko au kopo. Ukimimina bidhaa kutoka kwenye pakiti yake, kata kipande chenye tarehe ya mwisho wa matumizi ukibandike kwenye chombo kipya, maana bila hicho hakuna atakayeikumbuka.

Lipo kosa moja linalofanywa hata na watu waangalifu: kumimina unga mpya juu ya uliobaki ndani ya ndoo. Ule wa chini hautoki kamwe, na fukusi waliomo hupanda kwenye ule mpya. Maliza kwanza uliomo, osha ndoo, iache ikauke kabisa juani, ndipo ujaze.

Vyakula havilingani katika kudumu. Dona husagwa pamoja na kiini cha punje, na kiini hicho kina mafuta. Kwa hiyo hupata harufu nzito na ladha chungu mapema kuliko sembe. Nunua dona kwa kiasi kidogo kidogo. Karanga nazo zina tabia hiyo hiyo. Mchele mweupe, sukari na chumvi hudumu muda mrefu vikiwa vikavu. Maharage huwadanganya wengi: yakikaa sana hayaozi, lakini huwa magumu kuiva, na mkaa unaoteketea kuyachemsha huenda ukala faida yote ya kuyanunua kwa bei ya msimu wa mavuno.

Magunia yasikae juu ya sakafu wala kuegemea ukuta, kwani unyevu hupenya kutoka huko. Yainue juu ya mbao au chaga. Kwa mahindi, kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Nyumbani hakuna kipimo, lakini chupa ya kioo iliyokauka yatosha: tia mahindi kiasi pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na yarudishwe juani, yakianikwa juu ya turubai, si juu ya udongo.

Jambo hili la unyevu si la kupuuzwa. Mahindi na karanga zisizokauka huota ukungu, na baadhi ya ukungu huzalisha sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi yenye sumu hiyo waliugua na baadhi yao walifariki. Moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi, na kuosha punje huondoa ukungu unaoonekana tu. Aidha, nafaka inaweza kuwa na sumu bila kuonyesha dalili yoyote, ndiyo maana kuikausha tangu mwanzo kuna thamani kuliko kuichambua baadaye. Kwa hiyo unga uliopitwa na karanga zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye uvundo visiokolewe kwa ajili ya kubana matumizi.

Wengi huona uchungu kutupa, wakawamwagia kuku au kumpa ng'ombe. Hilo nalo halifai: mifugo hudhurika, na sehemu ya sumu hurudi mezani kupitia maziwa. Nafaka yenye ukungu ifukiwe ardhini, mbali na mahali kuku wanapochakura.