Somo la Robo Hii: Kisiki Chenye Mizizi
Soma kwanza: Ayubu 14:7–9



Tuanze na kosa letu. Kwa miaka kadhaa taarifa zetu zilitaja idadi ya miche iliyopandwa mashuleni. Katika shule moja ya msingi tulipanda mwarobaini na mlusina mwezi Januari. Mgeni rasmi akamwagilia mche wa kwanza, picha zikapigwa. Juni watoto wakaenda likizo. Waliporudi Julai walikuta vijiti, na michache iliyokuwa bado na majani ilikuwa imeliwa na mbuzi. Idadi tuliyokwisha kuwaandikia wafadhili ilibaki vilevile kwenye karatasi.

Watoto hawakuzembea. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mche wa Januari una miezi minne tu ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi kirefu. Kumtaka mtoto abebe dumu la maji kumwagilia mti, wakati nyumbani kwao maji ni ya kupanga foleni, ni kumtwika mzigo usio wake.

Ayubu anauonea mti wivu. Mti ukikatwa bado una tumaini, kwa kuwa mizizi ingali hai chini, na unyevu kidogo waweza kuuamsha. Binadamu hana bahati hiyo. Mashamba yetu yamejaa visiki vya namna hiyo, vya migunga na miti mingine ya asili, ambavyo kila msimu tunavifyeka tukiviita vichaka.

Njia ya kuviokoa inaitwa Kisiki Hai. Shirika la LEAD Foundation, kwa kushirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limeieneza vijijini Dodoma tangu 2018. Unachagua kisiki, unaacha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, unapogolea mengine pamoja na matawi ya chini, unafunga kitambaa ili kila mtu ajue mti huo unatunzwa, kisha unaulinda. Hauhitaji kumwagiliwa, maana mizizi yake imeshafika mbali. Panga tu yatosha, na kijana wa miaka 14 aliyeelekezwa anaweza.

Ugumu uko kwenye kulinda. Wazee wa Kondoa wanaukumbuka mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, na uoto ukarudi kwenye vilima. Lakini ilikuwa kwa amri, na wenye ng'ombe waliumia. Sisi hatuna amri, wala hatuitaki. Hata hivyo kijana hawezi kumwambia mjomba wake afunge mbuzi. Hapo kamati ndiyo inayotakiwa kusema, katika kikao cha wazazi na pamoja na serikali ya kijiji, kabla vijana hawajashika panga.

Tunapendekeza kuanzia darasa la kipaimara, kwa sababu mafunzo yake ya miaka miwili yanatosha kuona kisiki kikipita viangazi viwili. Huko Kaskazini, Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, alipata jina la Askofu wa Miti kwa juhudi zake za upandaji. Ila Kilimanjaro ina mvua kuliko sisi. Tuige moyo, tusiige miche.

Kwa wafadhili: kuanzia sasa tutahesabu mwezi Novemba, kiangazi kikiwa kinaisha, na tutaandika miti iliyo hai tu. Tarakimu zitakuwa ndogo kuliko mlizozoea.

Maswali kwa kamati:
Ni mashamba ya nani katika mtaa wenu yenye visiki vinavyochipua, na je, wenyewe wameulizwa?
Baada ya mavuno, mifugo ya nani hupita humo?
Kijana akikuta kisiki chake kimekatwa kuni, atamwendea nani?