KUUNGANISHA NA KUPANGA VIUNGO VYA KOMPYUTA YA ZAMANI: SOMO KUTOKA SUMBAWANGA NA NYANDA ZA UFIPA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaletewa somo hili kwa sababu moja. Katika stoo za ofisi nyingi, Visiwani na Bara, zingaliko kompyuta za mezani za miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, na ndani ya baadhi yao zimo kumbukumbu zisizopatikana mahali pengine popote. Aghalabu husemwa kuwa kompyuta hizo zimekufa. Nyingi hazijafa, zimesahau tu mipango yake, au kiungo kimoja kimelegea. Zinazokufa kweli ni zile zinazochomekwa umeme na mtu mwenye haraka kabla hajausoma ubao wake.

Msomaji wa Visiwani huenda akauliza kwa nini mfano uchukuliwe Sumbawanga, mji ulio mbali na bahari. Jibu ni kwamba mashine ni ile ile lakini hewa sizo. Kwetu adui ni chumvi ya bahari, ambayo hula pini na kuzitia kutu. Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Oktoba hewa yake ni kavu, ina vumbi, na usiku wa Juni na Julai baridi huwa kali. Anayejifunza kufunga kompyuta katika mazingira hayo hujifunza mambo ambayo sisi wa pwani hatukuyazoea, na siku mashine au mtumishi akihamishwa, elimu hiyo itahitajika.

Historia nayo ina sehemu yake. Mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Mwaka huo huo ndipo Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa. Marufuku ililegezwa polepole katika miaka ya 1980 na 1990, na hivyo ofisi nyingi za mikoani ziliruka moja kwa moja kutoka mashine ya kupiga chapa hadi kompyuta, baadhi yake zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya na Marekani. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa. Kwa hiyo diski iliyoandikwa Sumbawanga kabla ya mwaka huo yaweza kuwa na majina, mishahara na mipaka ya vijiji vya Mpanda pia. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, inasimamia utunzaji wa kumbukumbu za umma, na kumbukumbu iliyo katika diski haina haki ndogo kuliko ile iliyofungwa katika jalada.

Tuanze na umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia kwa njia ya Mbala, pamoja na majenereta ya dizeli. Umeme wa nyumbani na ofisini nchini mwetu ni wa volti 230. Nyuma ya kompyuta ya zamani, karibu na mahali pa kuchomekea waya, huwapo swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye tarakimu 115 na 230. Kompyuta iliyotoka Marekani yaweza kuwa imewekwa 115. Ikichomekwa hivyo katika umeme wetu, itatoa mlio na moshi, na kazi imekwisha kabla haijaanza. Swichi hiyo itazamwe kwanza, kabla ya kutafuta bisibisi. Sanduku la umeme lenyewe lisifunguliwe kamwe na asiye fundi wa umeme, kwani ndani yake hubaki umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa.

Pili ni umeme unaotoka katika mwili wa mtu. Katika hewa kavu ya Ufipa, mtumishi aliyevaa sweta la sufu na kutembea juu ya zulia hujikusanyia umeme bila kujua. Anapogusa kitasa cha chuma huhisi kuchomwa. Cheche anayoihisi mtu huwa ya maelfu ya volti, ilhali vijiwe vya ubao huweza kuharibiwa na kiasi kidogo zaidi, kisichohisiwa hata kidogo. Pwani, unyevu wa hewa hutupunguzia balaa hilo, na ndiyo sababu mafundi wetu wengi hawalijali. Dawa yake ni nyepesi: vua sweta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma kitupu cha kasha la kompyuta, na uendelee kukigusa mara kwa mara kadiri unavyofanya kazi. Kadi na vijiti vya kumbukumbu vishikwe pembeni, visishikwe penye madini ya dhahabu.

Tatu ni umande. Kutoka Sumbawanga kuteremkia Bonde la Ziwa Rukwa, au kushuka Kasanga na Kirando katika Ziwa Tanganyika, mtu hushuka takriban mita 1,000 kutoka baridi hadi joto. Kompyuta iliyopakiwa alfajiri ya baridi, ikafungwa vizuri katika boksi, ikafunguliwa mchana katika hewa ya joto ya ziwani, hufanya umande juu ya chuma chake kama gilasi ya maji ya barafu. Iachwe wazi saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Safari yenyewe pia hulegeza viungo. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilitiwa lami katika miaka ya 2010 tu. Kompyuta zilizopita humo kabla ya hapo zilitikiswa vya kutosha, na zile zipelekwazo vijijini zinatikiswa hadi leo. Kijiti cha kumbukumbu kikinyanyuka kwa upana wa ukucha tu, mashine haitawaka.

Sasa tuufikie ubao wenyewe, ambao wengine huuita ubao mama na mafundi wa mitaani husema mazabodi. (Ngamizi, jina ambalo wataalamu waliibuni kwa ajili ya kompyuta, halikushika, la mafundi limeshika.) Ubao wa leo hujipima na kujipangia karibu kila kitu. Ubao wa zamani hutii. Ukiuambia prosesa yake yataka volti 3.3, utaipa volti 3.3, hata kama prosesa hiyo ni Pentium MMX ambayo kiini chake chataka 2.8. Hautauliza wala hautaonya.

Namna ya kuuambia ni jampa: vifuniko vidogo vya plastiki vyenye chuma ndani, ambavyo huvikwa juu ya pini mbili ili kuziunganisha. Jampa zingine hupanga volti, zingine mwendo wa ubao, zingine kizidishio. Mwendo wa prosesa ni mwendo wa ubao ukizidishwa: ubao wa megahezi 66 ukizidishwa mara 2 ni prosesa ya 133, ukizidishwa mara 3 ni ya 200. Hesabu haitoki sawasawa kwa sababu 66 kwa kweli ni 66 na theluthi mbili. Jedwali la jampa hupatikana katika kitabu cha ubao, na kitabu kikipotea aghalabu huwa limechapwa kwa herufi ndogo juu ya ubao wenyewe. Tumia tochi na miwani. Andika katika karatasi jinsi ulivyozikuta kabla hujagusa hata moja.

Wako vijana hodari wanaopenda kupandisha mwendo kuliko prosesa ilivyoandikiwa. Kwa mashine ya Serikali si jambo la kufanya, na Ufipa ndiko kusikofaa zaidi: kwa urefu ule hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja katika sita, na feni hupoza kwa hewa. Mji una baridi, lakini ndani ya kasha lililojaa vumbi hakuna baridi.

Prosesa ikirudishwa, nyanyua kwanza wenzo wa soketi, tafuta pembe yenye alama, na uilinganishe na pembe yenye alama katika soketi. Iingie yenyewe kwa uzito wake. Inayohitaji kusukumwa imekosewa. Kisha feni ifungwe na waya wake uchomekwe kabla ya kuwasha, kwani prosesa nyingine za zamani huungua kwa sekunde chache zikikosa kipozeo. Vijiti vifupi vya kumbukumbu vyenye pini 72, katika ubao wa Pentium, huwekwa viwili viwili vinavyofanana. Vile virefu vya pini 168 vyaweza kuwekwa kimoja kimoja, na mapengo yake yatakuzuia kukosea.

Plagi za umeme wa ubao zinataka umakini kuliko vyote. Ubao wa aina ya AT una plagi mbili za nyaya sita sita, zinazofanana kwa umbo na zinazoweza kubadilishana mahali bila kukataa. Nyaya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati. Zikiwekwa nje, ubao utaungua. Swichi ya mbele ya kompyuta hizo hupitisha volti 230 zenyewe, basi isiguswe kama waya umechomekwa. Ubao wa aina ya ATX, uliobuniwa mwaka 1995, una plagi moja ya pini 20 isiyoingia kinyume; lakini nao una hila yake, kwamba hubaki na umeme kidogo hata ukiwa umezimwa. Chomoa waya, kisha bonyeza swichi mara moja ili kinachobaki kiishe.

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, na mabaki yake yangaliko nyandani. Udongo, mkaa na mawe ya chuma vilipangwa kwanza. Moto ulikuja baadaye. Fundi wa kompyuta ya zamani anafuata utaratibu ule ule.

Tufike kwenye diski, ambako ndiko kwenye mali. Diski za zamani huungwa kwa utepe mpana wa pini 40, wenye uzi mwekundu upande mmoja. Uzi huo huelekea pini namba 1. Utepe mmoja huchukua diski mbili, na jampa nyuma ya kila diski huamua ipi ya kwanza na ipi ya pili, mara nyingi kwa herufi MA na SL. Zote mbili zikiwekwa ya kwanza, yaweza isionekane hata moja.

Ubao una betri ndogo, siku hizi huwa ya mviringo kama sarafu, aina ya CR2032 yenye volti 3. Betri hiyo hutunza saa, tarehe na maelezo ya diski. Baada ya miaka mingi stoo hufa. Mtumishi huwasha mashine, huambiwa hakuna diski, huandika taarifa kuwa diski imeharibika, na mashine huingia katika orodha ya vitu vya kutupwa. Diski ni nzima. Ubao ndio uliosahau kuwa nayo. Badilisha betri, washa, bonyeza kitufe cha Del mara tu maandishi yanapotokea, na utaona ukurasa wa mipango. Mahali penye diski chagua itambuliwe yenyewe. Ubao mkongwe zaidi utataka uandike idadi ya silinda, vichwa na sekta, ambazo huwa zimechapwa juu ya diski. Diski kubwa kuliko baiti milioni 528 hupangwa kwa namna zaidi ya moja, na ikisomwa kwa namna isiyokuwa ile iliyoandikiwa, majina ya mafaili hutokea kama vurugu. Ukiona hivyo, zima. Usihifadhi chochote, na mashine ikikuomba kuiandaa diski upya, kataa, kwa sababu kukubali ni kufuta. Rudi katika mipango ujaribu namna nyingine.

Tarehe pia irekebishwe. Mashine iliyosahau yaweza kurudi Januari 1980, na barua itakayochapwa hapo itabeba tarehe ya kabla ya mwandishi wake kuajiriwa. Mbao za kale zaidi, za kabla ya Pentium, zina betri iliyochomelewa yenye umbo la pipa dogo. Hiyo huvuja ute unaokula shaba. Ukiona rangi ya kijani kibichi karibu nayo, ubao usiwashwe. Chukua diski uipeleke katika mashine nyingine nzima.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kuwe na viungo vichache: ubao juu ya mbao kavu au kadibodi, prosesa na feni yake, kumbukumbu, kadi ya picha, basi. Mlio mmoja mfupi ni salama. Katika mbao nyingi za programu ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni kadi ya picha. Zima, chomoa, kaza, jaribu tena. Kikitengemaa hicho, ongeza diski, kisha vingine kimoja kimoja. Kati ya Novemba na Aprili, wakati wa radi, kazi hii isifanywe huku mawingu yametanda, na waya wa simu nao uchomolewe.

Diski ikisomeka, nakili kwanza kilichomo katika vyombo viwili na uvitenganishe majengo, ndipo ufikirie matengenezo mengine. Kisha chukua ile karatasi ya jampa, ongeza mipango ya diski, tarehe ya betri mpya na sahihi yako, na uibandike ndani ya mfuniko wa kasha.