Wimbo Mmoja Hautibu Wote

Unadhani tiba ya muziki ni kumfungulia mgonjwa redio tu? Wapi! Mwaka 2011 mbunge wa Marekani, Gabrielle Giffords, alipigwa risasi kichwani. Upande wa kushoto wa ubongo uliumia, maneno yakagoma kutoka. Ila kuimba aliweza! Basi mtaalamu akatumia nyimbo alizozijua tangu zamani, kidogo kidogo akamvusha kutoka kuimba hadi kusema.

Mwenye ugonjwa wa Parkinson je? Huyu mara nyingi miguu ndiyo inayogoma. Hupimwa kwanza mwendo wake, kisha mdundo unalinganishwa na hatua zake mwenyewe.

Babu kapata kiharusi, hasemi? Muulize bibi nyimbo alizopenda ujanani, umpelekee mtaalamu. Bongo Fleva yako huenda ikamkera tu.