Ini la Mzee Hulindwa Utotoni

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1973, wakati kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipokuwa ikisikika redioni na vijiji vikihamasishwa kuchimba vyoo, leo amevuka miaka 60 na anahesabiwa kuwa mzee. Katika mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Majita na Mugango hadi Kibara, na kando ya Mto Mara upande wa Butiama, watoto wa rika hilo waliogelea, walifua na walichota maji kama wafanyavyo wajukuu wao leo. Tofauti ni moja: wakati ule prazikwanteli, dawa inayotibu kichocho leo, ilikuwa bado haijaanza kutumika kwa binadamu.

Tofauti hiyo inaonekana katika ini. Maradhi mengi yanayomlaza mzee kitandani hayakuanza uzeeni, bali yaliingia mwilini utotoni, yakanyamaza kwa miaka mingi, kisha yakajitokeza wakati nguvu zimepungua.

Kichocho cha tumbo

Mgonjwa wa kichocho cha tumbo anapojisaidia ziwani au ufukweni, mayai ya minyoo hufika majini na kuanguliwa. Vimelea huingia ndani ya konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Baada ya wiki kadhaa huwa minyoo kamili, nayo huishi kwa miaka katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo.

Kinachoharibu zaidi si mnyoo wenyewe, bali mayai yake. Sehemu ya mayai hutoka na choo. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kunasa humo. Mwili huyazingira, na mahali hapo hubaki kovu. Mtoto huweza kuumwa tumbo, kuhara, kutoa choo chenye damu, kupungukiwa damu au kudumaa. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote, na hapo ndipo mzazi hudanganyika.

Makovu yakizidi mwaka hadi mwaka, damu itokayo utumbo hukosa njia ya kupita katika ini. Hutafuta njia nyingine kupitia mishipa ya umio, ambayo hutanuka na huweza kupasuka. Mgonjwa hutapika damu ghafla, au tumbo hujaa maji. Si ajabu kusikia tumbo la namna hiyo likihusishwa na kurogwa, na muda wa kumpeleka mgonjwa hospitali ukapotea.

Prazikwanteli huua minyoo katika umri wowote, lakini haiwezi kufuta kila kovu la zamani. Ini la mtoto aliyetibiwa mapema lina nafasi kubwa ya kupona kuliko ini lililobeba makovu kwa miongo kadhaa. Kwa sababu dawa haizuii maambukizi mapya, mtoto anayeendelea kuingia ziwani hana budi kuimeza kila inapotolewa.

Homa ya ini aina ya B

Ugonjwa wa pili hufuata njia hiyo hiyo. Kati ya watoto wachanga 100 wanaoambukizwa virusi vya homa ya ini aina ya B, takribani 90 hubaki navyo kwa muda mrefu. Kwa watu wazima, idadi hiyo haifiki watano. Virusi hivyo huweza kusababisha ini kusinyaa au saratani ya ini miaka mingi baadaye. Kinga yake imo ndani ya chanjo ya penta, inayotolewa mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14. Mama anayekatisha kliniki baada ya chanjo ya kwanza humwachia mwanawe kinga pungufu.

Mambo ya kuzingatia

Siku ya kumeza dawa shuleni, mtoto ale chakula kwanza. Kichefuchefu, kizunguzungu au maumivu ya tumbo huweza kutokea, lakini kwa kawaida hupita ndani ya siku moja. Kumficha mtoto nyumbani kwa kuhofia kizunguzungu cha siku moja ni kumwachia minyoo ya miaka mingi.

Mtoto wa umri wa shule asiyesoma naye anahitaji dawa. Mzazi aulize katika zahanati, au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, namna ya kuipata.

Kila kaya iwe na choo na kukitumia, hata kambini kwa wavuvi. Kinyesi kisipofika majini, konokono hana cha kusambaza.

Kadi ya kliniki itunzwe, na chanjo iliyopitwa ifuatiliwe bila kuona haya.

Mzee aliyekulia kando ya ziwa, ambaye tumbo lake linavimba, apelekwe kituo cha afya mapema. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayepanga foleni ya dawa leo chini ya mwembe wa shule atakuwa mzee wa kijiji hicho hicho. Ini atakalozeeka nalo ndilo hilo analotibiwa sasa.