Shamba Lisilo na Deni: Mwongozo kwa Mkazi wa Kisauni Anayetafuta Ardhi ya Kulima

Katika mitaa mingi ya Kisauni mtu humiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Amejenga kwa jasho lake, lakini hulipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe, na siku mwenyewe akiamua kuuza, wote walio juu ya ardhi ile hukosa usingizi. Mzizi wa jambo hili ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka wakazi wa ukanda wa pwani waje mbele ya serikali ya kikoloni kudai ardhi zao. Wengi, hasa Wamijikenda, hawakuandikishwa. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na wenyeji wakaitwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao.

Kwa hiyo hamu ya kupata ekari moja au mbili huko Kaloleni, Ganze, Matuga au Kinango, ukalima chakula chako bila kudaiwa na mtu, ni hamu ya haki. Ila shamba laweza kuja na deni hata ukilinunua taslimu. Lipo deni la mkopo, deni la maji, deni la warithi na deni la minazi. Kazi ya mnunuzi ni kuyafichua yote kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Nunua kwa akiba

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopo huanza kudai mwezi ujao. Mhogo unataka karibu mwaka mzima, na mnazi mrefu wa kwetu unataka miaka 6 au zaidi ndipo uzae nazi ya kwanza. Anayenunua shamba kwa mkopo wa simu au kwa kuweka rehani nyumba ya familia hulazimika kurudi mjini kutafuta kibarua cha kulipia shamba asilolilima.

Weka akiba kwenye chama au SACCO, na usiimalize yote kwenye bei ya ardhi. Kuna wakili, mpima, bodi ya ardhi na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Kisha kuna ua, tangi, mbegu, na chakula cha msimu wa kwanza kabla hujavuna. Ekari moja iliyolipiwa ikabaki na pesa za tangi ni bora kuliko tatu zilizokuacha mikono mitupu.

Jihadhari na vipimo pia. Ekari ina futi za mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama sehemu moja ya nane ya ekari: inatosha nyumba, choo, banda la kuku na bustani ya mboga, lakini haiwezi kulisha familia mahindi mwaka mzima. Na kama unauziwa kwa malipo ya mdogo mdogo, uliza hatimiliki ya shamba zima iko kwa jina la nani, na kama ugawaji wa ploti umesajiliwa au ungali mchoro kwenye karatasi ya matangazo.

Maji kabla ya bei

Usiende kutazama shamba mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto na kila kitu ni kijani. Nenda Februari. Ukanda wa karibu na bahari hupata mvua ya kutosha minazi na miembe, lakini kadiri unavyoingia ndani kuelekea Bamba au Kinango, mvua hupungua, na bei ya ardhi hushuka pamoja nayo. Ardhi rahisi mara nyingi ni rahisi kwa sababu hiyo.

Waulize kina mama wanaoteka maji, wala si dalali. Wanateka wapi mwezi wa Februari? Wanatembea muda gani? Mtungi wa lita 20 ni shilingi ngapi maji yakiadimika? Onja maji ya kisima kilicho karibu, kisha nawa kwa sabuni: ikikataa kutoa povu, maji hayo yana chumvichumvi, na kisima utakachochimba huenda kikawa vivyo hivyo. Mradi wa makazi wa Magarini, kaskazini mwa Malindi, ulioanza miaka ya 1970 ikielekea mwisho kwa msaada wa Australia, ulikuwa na ramani, wataalamu na fedha, na bado maji yalikuwa kikwazo kikubwa. Mtu mmoja mwenye akiba yake ndogo hana nafasi ya kurudia kosa hilo.

Piga hesabu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 10 kwa 6, mahali penye mvua ya milimita 700 kwa mwaka, hupokea lita 42,000. Toa moja ya tano kwa maji yanayopotea, zinabaki 33,600. Familia inayotumia mitungi mitano kwa siku inahitaji lita 9,000 kuvuka siku 90 za kiangazi, kwa hiyo tangi la lita 10,000 ni la lazima. Liweke kwenye bajeti ya ununuzi tangu mwanzo.

Karatasi, hatua kwa hatua

1. Omba nakala ya hatimiliki na kitambulisho cha muuzaji. Barua ya ugawaji si hatimiliki. Kama shamba limo ndani ya skimu ya makazi, hakikisha mkopo wa mfuko wa makazi umelipwa, la sivyo unanunua deni la mtu mwingine.

2. Fanya sachi, yaani upekuzi rasmi wa rejista, wewe mwenyewe au kupitia wakili wako. Usipokee sachi iliyoletwa na dalali. Itakuonyesha jina la mwenyewe, ukubwa, na kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama. Irudie siku chache kabla ya kulipa.

3. Mlete mpima mwenye leseni na ramani ya usajili, akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mpaka. Tembea mpaka mzima ukiwa na majirani.

4. Andikeni mkataba. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote mbele ya shahidi. Muhuri wa chifu hauhamishi umiliki.

5. Peleka ombi kwenye bodi ya kudhibiti ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini yake, mauzo ya ardhi ya kilimo ni batili.

6. Kamilisha uhamisho, hatimiliki itoke kwa jina lako. Hadi siku hiyo, bado hujanunua.

Ardhi ya ranchi ya kikundi au ya jamii ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka theluthi mbili ya wanachama watu wazima waliosajiliwa wakubali kabla kipande hakijauzwa. Mwenyekiti peke yake hana uwezo huo, hata awe mtu mwema namna gani. Na msitu wa kaya wa Wamijikenda usiuguse: ni mahali patakatifu, na kaya kadhaa zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008.

Warithi na minazi

Mashamba mengi ya pwani yangali kwa jina la babu aliyekwisha fariki. Mjukuu anayekuuzia anaweza kuwa mkweli kabisa na bado hana haki ya kuuza. Mirathi lazima ipite mahakamani, na yaweza kuwa kwa Kadhi ikiwa familia ni ya Kiislamu, na usimamizi uthibitishwe kabla ya kuuza. Kama muuzaji ana mke au mume, idhini ya mwenzake iandikwe.

Kisha tazama juu. Kwa mila za Wamijikenda, mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Minazi huwekwa rehani na kuuzwa peke yake. Ukiona shina lililochongwa ngazi za kukwelea na kibuyu cha tembo kinaning'inia, muulize mgema anamgemea nani. Jina likiwa si la muuzaji, mwiteni huyo mtu mbele ya wazee, alipwe na aandike kwamba hana dai. Ukipuuza, utakuwa na shamba ambalo wengine wana haki ya kuingia kila asubuhi.

Kodi msimu mmoja kwanza

Kabla ya kununua, kodi nusu ekari jirani na unapopataka ulime masika moja. Utaujua udongo, nyani, mifugo ya majirani, na kama mwili wako na familia yako wanaiweza kazi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko Mtwapa, ng'ambo tu ya daraja kutoka Shanzu. Ulizia mbegu za mhogo kama Tajirika na Shibe, na mahindi ya Pwani Hybrid 4. Changanya na kunde, pojo na mbaazi. Kula kwanza, kisha ziada iende soko la Kongowea.

Muuzaji akikuharakisha, akikataa sachi, au akitaka taslimu bila wakili, ondoka. Shamba jingine lipo. Ukihitaji msaada wa kisheria na huna uwezo, Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa. Nenda huko kabla ya kutia saini, maana kuzuia mkataba mbaya ni kazi ya siku moja, na kuuvunja mahakamani huweza kula miaka yote uliyotaka kulima.