UZEE HAUNGOJI NDEGE
Somo la familia: pesa, kazi na miaka ya uzeeni

Maandiko ya kusoma pamoja: Mwanzo 47:1-12, Hesabu 8:23-26, Yeremia 29:4-7, 1 Timotheo 5:3-8.

Shabaha ya somo: Kila familia ianze kujiandaa kwa uzee hapa tulipo, bila kungoja safari wala kurudi nyumbani.

 

Mwezi huu tunasoma juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulizungumza. Tunajua kuomba kwa ajili ya karatasi, kwa ajili ya watoto na karo, kwa ajili ya amani ya nchi zetu. Lakini ni mara chache kusikia baba na mama wakikaa chini na kuulizana: "Tukizeeka tutakula nini?" Sababu yake tunaijua. Mkimbizi huishi akingoja. Anangoja vita viishe, au anangoja jina lake liitwe aende ng'ambo. Anasema moyoni, "Nitaanza kuweka akiba nikifika." Wakati huo mvi zinaota. Aliyevuka mpaka akiwa na miaka 35 leo ana 55, na bado anasema vile vile.

Wapendwa, tuangalie mambo yalivyo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokwisha kupimwa afya na kupewa tarehe ya safari walibaki. Zipo nyumba ambamo kitanda, mbuzi na cherehani vilikuwa vimekwisha kuuzwa. Na msaada wa chakula nao tumeuona: WFP ilipunguza mgawo mwaka 2020, ikapunguza tena 2021, na mwaka 2023 ikagawa familia katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, kundi la tatu likabaki bila kitu. Mwaka 2025 wengi zaidi waliondolewa. Hatusemi haya ili kuwavunja moyo. Tunasema ili mtu asijenge uzee wake juu ya kitu ambacho hakimo mikononi mwake.

1. Biblia inamjua mkimbizi mzee

Yakobo aliingia Misri akiwa na miaka 130, akikimbia njaa. Alipoulizwa na Farao umri wake, alijibu kama wazee wetu wanavyojibu: kwamba siku zake zilikuwa chache na zenye taabu. Hata hivyo aliishi Gosheni miaka 17 zaidi, akalishwa, akabariki wajukuu, akafa kitandani mwake akiwa amezungukwa na wanawe.

Chakula kile kilitoka wapi? Kilitoka katika akiba. Yusufu, ambaye naye aliletwa nchi ile bila kupenda, alishauri kutenga sehemu moja ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe (Mwanzo 41:34). Mungu alimfunulia ndoto, lakini ghala ilijengwa na mikono ya watu. Basi kuweka akiba si upungufu wa imani.

Mtu atauliza: "Je, yule tajiri wa Luka 12 hakuhukumiwa kwa sababu ya maghala?" Tusome vizuri. Kosa lake halikuwa ghala. Katika maneno yake yote hakumtaja Mungu, hakumtaja jirani, alijitaja mwenyewe tu. Yusufu alikuwa na ghala pia, lakini lake liliokoa watu. Swali ni moja: akiba yako ni ya nani, na inamtumikia nani?

2. Miji hii imetufundisha nini

Ninyi mnaokaa Walukuba au Masese mnapita kila siku mbele ya somo hili. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa umeme wake Jinja ikawa mji wa viwanda. Watu walitoka mbali kuja kufanya kazi, wakafikiri mshahara utaendelea hadi wazeeke. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia waliokuwa na viwanda vingi, na baada ya hapo kazi nyingi zilidhoofika. Mshahara ulikoma kabla ya nguvu za mtu kukoma.

Mbale nayo ilikuwa na watu wa reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege waliachwa wakidai malipo yao. Mkataba wa kugawana mali ya Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1984, lakini katika miaka ya 2000 wazee wa Dar es Salaam walikuwa bado wanaandamana barabarani wakidai haki yao.

Na pesa yenyewe je? Wazee wetu kutoka Congo wanakumbuka Desemba 1979, Zaire ilipofuta noti kubwa, na waliozificha ndani ya nyumba wakabaki na karatasi. Uganda nayo mwaka 1987 ilibadili shilingi: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na serikali ikakata asilimia 30 katika kubadilisha.

Kwa hiyo tunajifunza mambo matatu. Mshahara unaweza kukoma. Ahadi ya malipo inaweza kuchelewa mpaka mtu afe. Noti iliyo chini ya godoro inaweza kupoteza thamani. Mhubiri 11:2 inatushauri kugawa tulicho nacho sehemu saba, hata nane, kwa kuwa hatujui baya litakalokuja. Usiweke yote mahali pamoja.

3. Njia zilizo karibu nasi

Kwanza, sanduku la akiba. Wengine wetu tunaliita AVEC, wengine tumezoea likelemba, ingawa si kitu kimoja. Katika likelemba pesa inazunguka, kila mtu anapokea kwa zamu yake. Katika sanduku watu kama 15 hadi 30 wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana kwa faida ndogo, na sanduku lina kufuli tatu na watunza ufunguo watatu, asiweze mmoja kulifungua. Mwisho wa mwaka wanagawana. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake maskini wa vijijini, na leo uko karibu kila kambi.

Lakini sikilizeni: sanduku likigawanywa Desemba na pesa yote ikaliwa Januari, hiyo si akiba ya uzee. Ni akiba ya Krismasi. Siku ya kugawana, kabla hujafika nyumbani, tenga sehemu ya kitu kitakachodumu: mbuzi jike, cherehani, mashine ya kusaga, au elimu ya ufundi kwa mtoto.

Tuhesabu kidogo. Anayeweka shilingi 2,000 kila wiki anapata 104,000 kwa mwaka. Kwa miaka 15 ni 1,560,000, bila kuhesabu faida. Si utajiri. Lakini asiyeweka kitu, baada ya miaka 15 hana hata shilingi.

Pili, mfuko wa NSSF. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Kijana aliyeajiriwa kiwandani Jinja au dukani Mbale na aulize: "Je, mwajiri wangu ananiandikisha?" Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, hata mwajiri mwenye wafanyakazi wachache anapaswa kulipa, na mtu anayejitegemea anaweza kujiwekea kwa hiari. Malipo hutolewa mtu akifika miaka 55. Aliyefika miaka 45 na ameweka kwa miaka 10 anaweza kuomba hadi asilimia 20. Iko pia njia ya kudai akiba yako ukiondoka Uganda moja kwa moja. Basi hata ndege ikija, haki yako haipotei.

Wazee wa hapa walio na umri mkubwa sana hupewa na serikali pesa kidogo za kuwasaidia. Msaada huo ni wa raia. Tuwafurahie jirani zetu, lakini tusiuhesabu katika mipango yetu.

Tatu, simu. Pesa ya simuni inafaa kutuma na kupokea, lakini kila ukitoa unalipa ada na kodi. Mzee asimpe kila mjukuu namba yake ya siri. Achague mtu mmoja mwaminifu, na mwingine ajue ili kuwe na shahidi.

Nne, karatasi. Yeremia alipokuwa kifungoni na mji umezingirwa, alinunua shamba, akaagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo zikae siku nyingi (Yeremia 32:14). Nasi tutunze cheti cha ukimbizi, namba ya NSSF, daftari la sanduku. Aliyefanya kazi Congo akaandikishwa INSS, ambayo leo inaitwa CNSS, asitupe kadi yake. Andika pia majina ya warithi, ili mjane asifukuzwe na ndugu wa marehemu.

4. Mitego iliyovaa nguo za kanisa

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Mwaka 2007 hapa Uganda ilianguka COWE, iliyojitangaza kuwa inawasaidia yatima, wajane na wazee. Watu maelfu walitoa pesa wakiahidiwa kurudishiwa nyingi zaidi. Tanzania mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, iliyotumia lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, na wengi walioingia walikuwa watu wa makanisa. Mchezo huo hulipa wa kwanza kwa pesa ya wa mwisho, na siku wapya wakikosekana kila kitu kinaanguka.

Basi mtu akija na Biblia mkononi akisema pesa yako itazaa mara mbili kwa miezi michache, muulize maswali matatu: Biashara yenyewe ni ipi? Nani ameisajili? Nikitaka pesa yangu kesho nitaipata? Akikasirika, umekwisha kupata jibu. Na sadaka ni sadaka. Tunamtolea Mungu kwa shukrani, hatumkopeshi kwa riba.

5. Watoto, wazazi na kanisa

Desturi yetu ni kwamba mtoto humtunza mzazi, na Paulo anathibitisha: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Bwana Yesu naye aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama (Marko 7:9-13). Kijana, usimpe mchungaji kile ambacho mama yako alipaswa kula.

Lakini wazazi nao wasikie upande wa pili. 2 Wakorintho 12:14 inasema wajibu wa kuweka akiba ni wa wazazi kwa watoto. Mtoto aliye ng'ambo analipa kodi ya nyumba, na mara nyingi anafanya kazi mbili. Akituma pesa, isiishe kwa sherehe na vitenge. Mwambie ukweli: "Mwanangu, hii tumekula, hii tumenunulia mbuzi." Hapo atatuma kwa furaha, na siku akishindwa kutuma hamtalala njaa.

Na wale waliozika watoto wao njiani? Naomi alirudi Bethlehemu akisema mikono yake ni mitupu, lakini Bwana alimtunza kwa mkono wa Ruthu, mgeni. Kanisa ndilo liwe Ruthu wao. Tunaomba kila kikundi cha nyumba kiwe na orodha ya wazee wasio na mtu, na kila mmoja awe na familia ya kumchotea maji na kumletea kuni.

6. Kustaafu si kukaa bure

Katika Hesabu 8, Mlawi wa miaka 50 aliacha kazi nzito, lakini hakuondoka. Alibaki kuwasaidia ndugu zake. Huo ni mpango mzuri. Mzee asibebe magunia sokoni Mbale mpaka mgongo uvunjike. Lakini anaweza kulima mboga katika magunia mbele ya nyumba, kufuga kuku, kufundisha wajukuu lugha yao, kupatanisha wanandoa, kuombea wagonjwa. Zaburi 92 inasema wenye haki huzaa matunda hata wakati wa uzee. Waliopelekwa Babeli waliambiwa na Yeremia wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea mji walimohamishiwa. Hawakuambiwa wakae juu ya mizigo iliyofungwa.

Tutaendelea kuwaombea wenye safari, na tutaendelea kuombea amani nyumbani. Lakini ndege inaweza kuchelewa, na uzee hauchelewi. Tufungue mizigo, tupande.

Ya kufanya wiki hii

Baba na mama waandike kila kinachoingia na kinachotoka kwa siku saba. Waamue kiasi kidogo cha kuweka, hata shilingi 1,000. Waweke karatasi zote katika mfuko mmoja usioingia maji.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Tukiambiwa leo kwamba tutazeekea Uganda, tungebadili nini?
2. Ni nani katika jirani zetu amezeeka bila mtu?
3. Watoto wetu wanajua mipango yetu, au watagundua siku ya msiba?

Tuombe: Ee Bwana, uliyetubeba tangu tumboni, utubebe hadi mvi. Utufundishe kuhesabu siku zetu na shilingi zetu. Usituache tukiwa dhaifu, wala usituache tuwaache walio dhaifu. Kwa jina la Yesu. Amina.